Nimeletewa samansi kwa kufunga njia ya jirani: nijibu au ninyamaze?

Ami, shikamoo, na assalaam aleikum.

Mie ni mama wa watoto watatu, nakaa Kisauni katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Ploti hii aliinunua 1988, wakati huku bado ni minazi na miembe, na hati iko kwa jina lake hadi leo. Alifariki 2019. Ndugu zangu wawili wako mbali, mmoja Malindi na mmoja Muscat, kwa hivyo mwenye kushughulika na nyumba ni mie.

Nyuma yetu kuna jamaa ambao toka mie mdogo hupita ubavuni mwa nyumba yetu kutokea barabarani. Ni ujirani tu. Baba na mzee wao wakiswali safu moja. Mzee alipokuja kujenga pale nyuma, 1994, alimwendea baba, wakazungumza barazani, baba akamwambia pita. Hapakuandikwa kitu. Wao wana njia nyengine ya nyuma, kichochoro kinachotokea upande wa msikitini, ila ni chembamba na mvua zikinyesha hujaa maji. Hata nilipoolewa mie, 2006, tulipiga hema pale njiani siku tatu nzima. Baba alimwambia mzee mapema, mzee akasema mahali ni pako, na nyumba nzima ikawa yazunguka nyuma mpaka harusi ikaisha.

Mzee naye hayuko tena. Wanawe wamejenga vyumba vinane vya kupangisha. Sasa dirishani pangu hupita wapangaji nisiowajua, bodaboda usiku wa manane, tuktuk, na lori la maji. Hilo lori lilivunja kifuniko cha shimo la choo, nikatengeneza kwa pesa zangu. Nimesema nao, nimekwenda kwa mzee wa mtaa, tumeitwa kwa chifu, wapi! Mwezi wa pili nikatia geti. Mwanzo nilikuwa nikifunga saa nne za usiku na kufungua alfajiri. Siku moja wakaling'oa kufuli, ndipo nikafunga moja kwa moja.

Juzi kaja kijana na pikipiki, mie niko sokoni Kongowea. Akamkabidhi mpwa wangu wa miaka 16 bahasha na kumtilisha sahihi. Ndani mna samansi ya mahakama ya ardhi, yaniambia niingie kwenye kesi ndani ya siku 15, la sivyo itaendelea bila ya mimi. Mna na karatasi nyengine nyingi za Kiingereza, moja ina tarehe ya Jumatano ijayo na yaomba niamrishwe kufungua geti. Wameandika kuwa wamepita hapo zaidi ya miaka 30, kwamba ni haki yao, na kwamba hata jeneza la baba yao lilitolewa hapo kwa kuwa kule nyuma halipiti. Hilo la jeneza ni kweli, na ndugu zangu walikuwa miongoni mwa waliolibeba.

Kila mtu ana lake. Ndugu yangu wa Muscat asema nisijibu, nikijibu nimeikubali kesi. Jirani asema kosa ni la mpwa wangu, angekataa kupokea. Imamu wetu asema sote ni Waislamu, twende kwa Kadhi. Na kuna dalali mmoja asema ana mtu wake kule ndani, nimpe 30,000 aimalize. Mie nimeitazama hati ya baba, haina njia ya mtu yeyote.

Nijibu? Naweza kukamatwa? Nilivunje geti? Wanaweza kuichukua ploti ya baba? Na jengine dogo: tukikutana njiani wakinisalimu, niitikie ama nitaiharibu kesi?

Mwenye geti, Kisauni

*

Waaleikum salaam, binti yangu. Marahaba.

Nilikupigia simu siku ileile barua yako iliponifikia, maana Jumatano haingoji safu yangu itoke. Hapa nayaweka yote kwa utulivu, kwa sababu najua Kisauni, Likoni na Mikindani kuna wengi wenye bahasha kama hiyo juu ya kabati, wakiomba iyeyuke.

Jibu. Nduguyo wa Muscat anakupenda, lakini katika hili amekosea kabisa. Kuingia kwenye kesi si kukubali madai. Ni kuiambia mahakama tu kwamba upo, umepata karatasi, na unataka kusikizwa. Hati yenyewe ni ukurasa mmoja: namba ya kesi, majina, anwani yako ya kupokea barua, sahihi. Ukishaiwasilisha, Kanuni za Kesi za Madai za 2010 zinakupa siku 14 za kuleta utetezi wako kamili, pamoja na orodha ya mashahidi, maelezo yao waliyoyatia sahihi, na nakala za ushahidi wa karatasi. Mtu asiyeingia ndani ya muda humwachia mwenzake uwanja. Kesi itapangwa, mdai atasimama peke yake, atasema alikuwa akipita kama mfalme tangu Nuhu, na hapatakuwa na wa kumuuliza swali hata moja. Kisha gharama utalipishwa wewe. Sheria inaruhusu hukumu ya namna hiyo kuombewa itenguliwe, na majaji huitengua pakiwa na sababu, lakini hapo utakuwa unaomba hisani kwa jambo ambalo leo ni haki yako.

Sasa soma vizuri, maana bahasha yako ina saa mbili, kila moja na muda wake, na watu wengi huiona moja. Ya kwanza ni ya samansi, siku 15 tangu ilipopokewa. Iandike leo tarehe aliyopokea mpwa wako, juu ya bahasha, kabla hamjaanza kubishana ilikuwa Jumatatu au Jumanne. Ya pili ni ya lile ombi la dharura la Jumatano, na hii haitazami siku 15 hata kidogo. Ombi hujibiwa kwa hati ya kiapo, na kanuni zinataka iwasilishwe na mwenzako apewe nakala siku tatu kamili kabla ya siku ya kusikizwa, isipokuwa mahakama imetoa maagizo mengine. Ukishindwa kuiwahi, nenda Jumatano hivyo hivyo, au wakili wako aende, aombe muda wa kujibu. Siku hizi vikao vingi hufanywa kwa mtandao, kwa hivyo tazama kwenye karatasi kama umeitwa ukumbini au umepewa kiungo. Usije ukavaa buibui lako ukapanda matatu hadi mjini, kumbe kesi yako inaitwa kwenye simu ya mtu mwengine.

Halafu pekua karatasi zote, moja baada ya moja, utafute kama kuna iliyoandikwa amri na kupigwa muhuri wa mahakama. Mtu anapoomba kwa dharura, jaji aweza kutoa zuio la muda kabla hata hujasikizwa, na zuio la namna hiyo kwa kanuni halitakiwi kuzidi siku 14 kabla pande zote hazijasikizwa. Kama amri ipo na inasema fungua, fungua leo. Hapa ndipo ninapokujibu swali lako la kukamatwa. Kesi ya njia ni ya madai, si ya jinai, na hakuna polisi atakayekuja kwa sababu umeshtakiwa. Lakini anayevunja zuio la mahakama aweza kufungwa hadi miezi sita na mali yake ikashikwa. Amri ukiiona ni ya dhuluma, itii kwanza, kisha uipinge kwa karatasi.

Suala la mpwa wako lina ladha yake. Kanuni zinasema asipopatikana mwenyewe, samansi aweza kupewa wakala wake au mtu mzima wa familia anayeishi naye. Kijana wa miaka 16 si mtu mzima, na wakili mkali aweza kulisimamia hilo. Mimi nisingelipotezea muda. Utashinda nini? Wataleta upya, na tangu 2020 kanuni zinaruhusu hata barua pepe na ujumbe wa WhatsApp. Liweke akibani, litakufaa ikiwa umechelewa siku chache na unaomba kueleweka. Jirani aliyesema kijana angekataa naye hajui kuwa karatasi iliyokataliwa hubandikwa mlangoni, mletaji akaenda kuapa mahakamani, na ikahesabika umepokea. Tofauti ni kuwa mtaa mzima utakuwa umeisoma.

Dalali mpe salamu zangu, na thelathini elfu yako ibaki pochini. Anachokuuzia, kama si uongo, basi ni rushwa, na kesi yako haina haja ya vyote viwili. Kuandika hati za mahakama kwa malipo ni kazi ya wakili mwenye cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, na jina lake laweza kutafutwa kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya. Unaruhusiwa pia kujisimamia mwenyewe, ingawa kwa kesi hii, yenye hati ya marehemu ndani yake, singekushauri. Kama mkono ni mfupi, nenda ukaulize katika ofisi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au katika shirika la Kituo cha Sheria. Wote wana ofisi hapa Mombasa. Nenda na bahasha nzima. Watu hupeleka ukurasa wa kwanza tu, kisha wakashangaa wakili anawaambia mambo ya juujuu.

Imamu wenu ana nia njema, na kama ataweza kuwakalisha pamoja, mkae. Lakini kesi hii haiwezi kwenda kwa Kadhi hata mkikubaliana wote. Katiba, kifungu cha 170, inaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Njia ya kupita juu ya ardhi ya mtu haimo. Ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au ya hakimu mwenye uwezo wa kusikiza kesi za ardhi ikiwa thamani haipiti kiwango chake; kwa hakimu mkuu ni shilingi milioni 20. Tazama kichwa cha samansi kitakwambia uko wapi.

Hata hivyo huenda Kadhi ukamhitaji kwa jambo jengine, na hili wewe hukuniuliza. Hati iko kwa jina la baba aliyefariki 2019. Je, mlishafungua mirathi? Wewe wameweza kukushtaki kwa jina lako kwa sababu geti umelitia wewe. Lakini haki wanayoidai wataka ikae juu ya ardhi, na ardhi bado ni ya marehemu, ambaye husemewa kisheria na msimamizi wa mirathi aliyepewa cheti. Bila cheti hicho utajibu kwa ulichokifanya wewe, lakini kuidai haki ya ploti, mathalani ukitaka nawe kuwadai wao kwa kile kifuniko cha choo, utapata shida. Na kama katika samansi wameandika jina la baba kama mdaiwa, mwambie wakili dakika ya kwanza, kwa maana marehemu hashtakiwi. Cheti cha muda kwa ajili ya kesi peke yake hupatikana haraka kuliko mirathi nzima. Ndugu zako lazima waingizwe katika hilo. Huyo wa Muscat, badala ya kukutumia ushauri kwa simu, na akutumie kiapo.

Haya, tuje kwenye njia yenyewe.

Unasema hati ya baba haina njia ya mtu. Wamombasa wengi huishika hoja hii, na peke yake haitoshi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, ina orodha ya haki zinazokaa juu ya ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye rejista, na haki zilizopatikana kwa matumizi ya muda mrefu zimo. Muda wenyewe uko katika Sheria ya Muda wa Kushtaki, Sura ya 22, kifungu cha 32: njia iliyotumiwa kwa miaka 20 kwa amani, waziwazi, bila kukatizwa, na kama haki, huwa haki isiyovunjika. Kutoka 1994 hadi leo miaka 20 imepita zamani. Kwa amani? Ndiyo. Waziwazi? Jeneza halipitishwi kwa siri. Kwa hivyo wakili wao ana kesi, usijidanganye.

Ila yamebaki yale maneno mawili, kama haki, na hapo ndipo kesi yako nzima inaposimama. Aliyepita kwa ruhusa ya mwenye ardhi hakupita kwa haki. Hata apite miaka 50, saa haikuanza kuhesabu, kwa sababu kila siku alikuwa anapita kwa hisani ya baba yako. Ruhusa ile aliyempa pia haikufungwa kwenye ardhi. Mwenye kuitoa aweza kuiondoa, akatoa notisi ya kutosha. Basi swali la jaji, nyuma ya karatasi zote hizo, litakuwa: mwaka 1994, pale barazani, mzee aliomba?

Na hapa nataka uwe mwangalifu sana na lugha yako. Katika barua umesema mambo mawili kana kwamba ni moja. Umesema ni ujirani tu, kisha ukasema mzee alimwendea baba na baba akamwambia pita. Hayo hayafanani. Kama baba aliwaona wakipita akanyamaza kwa uungwana wake, ukimya huo unawafaa wao. Sheria haihesabu kunyamaza kuwa ni ruhusa. Huona mwenye ardhi ameona na hakuzuia. Lakini kama aliombwa akajibu, basi ni wewe unayefaidika. Katika hati ya kiapo usiandike kwa hasira kwamba hawa watu wamekuwa wakikatiza miaka yote bila kumuuliza mtu. Nimeona mtu akiizika kesi yake mwenyewe kwa sentensi kama hiyo, na wakili wa upande wa pili akaisoma kwa sauti nzuri kabisa, polepole.

Wote wawili waliozungumza wameshafariki, basi nani alisikia? Wewe ulikuwa mdogo. Ndugu yako wa Malindi alikuwa na umri gani? Mama yupo? Kuna mzee wa msikitini aliyekuwa akikaa baraza hiyo? Fundi aliyeijenga ile nyumba ya nyuma, aliyeleta mawe na saruji kupitia kwenu, aliambiwa nini? Mtafute kila aliyekuwepo, aandike anachokikumbuka kwa maneno yake, si kwa maneno yako. Lifungue na sanduku la baba. Wazee wa kizazi kile walikuwa wakiandikiana vikaratasi: naomba kupitisha lori la mchanga Jumamosi, naomba kupitisha bomba. Kikaratasi kimoja kama hicho kina uzito kuliko mashahidi wanne.

Halafu ile harusi yako. Umeitaja kama kisa cha kupitia tu, na kwangu mimi ndiyo sehemu bora ya barua yako. Siku tatu hazikatizi miaka 20, na wakili wao atasema majirani hupisheana kwenye harusi. Lakini zinaonyesha mambo mawili kwa mpigo. Zinaonyesha baba alikuwa akiifunga njia akitaka, na mwenzake akisema mahali ni pako. Na zinaonyesha kuwa nyumba nzima ilipita kwa nyuma siku tatu na hakuna aliyenasa. Tafuta picha. Najua kanda za harusi zetu hazionyeshwi wanaume, na sikwambii umpelekee jaji kanda ya kupaka hina. Picha moja ya hema mchana, kabla ya wageni, inayoonyesha ubavu wa nyumba umezibwa, yatosha.

Kichochoro cha nyuma ni muhimu kwa sababu yao nyengine. Hata wakishindwa kwa miaka 20, Sheria ya Ardhi ya 2012 katika kifungu cha 140 inamruhusu mwenye ardhi iliyofungika, isiyo na njia ya kutosha, kuiomba mahakama impatie njia juu ya ardhi ya mwengine. Mahakama hutazama ardhi ilifungikaje, usumbufu utakaompata kila upande, na yaweza kuweka masharti, fidia ikiwemo. Kwa hivyo nenda upime kichochoro kile kwa futi kamba, mwanzo, kati na mwisho. Kipige picha kikavu na kikiwa na maji. Na lile jeneza usilikane. Umeniambia mwenyewe ni kweli, na kiapo ni kiapo. Sema lilipita, sema ndugu zako walilibeba, sema lilipita kwa sababu hakuna Mwislamu atakayemzuilia jirani yake jeneza. Jaji atakuelewa zaidi kuliko ukijaribu kulizunguka.

Tuseme basi wameshinda. Wameshinda nini? Njia iliyopatikana kwa matumizi huwa na ukubwa wa matumizi yaliyoizaa. Familia moja kwa miguu, pengine na baiskeli na mkokoteni, si sawa na vyumba vinane vya wapangaji, bodaboda za usiku na lori la maji. Mwenye haki ya kupita haruhusiwi kuuongeza mzigo kupita kiasi juu ya ardhi ya mwenzake. Kwa hiyo hata katika hali mbaya kwako, unayo hoja ya kuwa njia ibaki ya miguu. Tafuta risiti ya fundi wa kifuniko, barua za chifu za kuwaita, na tarehe vyumba vilipoanza kupangishwa. Na ploti haiendi popote. Haki ya kupita haihamishi umiliki. Kuna sheria nyengine ya anayekalia ardhi ya mtu miaka 12 bila idhini, ile ndiyo huhamisha, lakini kupita si kukalia. Soma tu hati ya madai uhakikishe hawakuchomeka na hilo. Wakidai kwamba ule ukanda uko ndani ya mpaka wao, hapo kesi inageuka kuwa ya mpaka, na kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili kinataka msajili wa ardhi auamue mpaka kwanza kabla ya mahakama kuugusa.

Geti je? Usilivunje. Kama hakuna amri iliyokuja, ushauri wangu ni ulirudishe kama lilivyokuwa mwanzo: wazi mchana kwa mwenye kupita kwa miguu, limefungwa usiku, na nyumba ya nyuma ipewe ufunguo. Mwandikie wakili wao barua kupitia wakili wako, useme wazi kuwa unafanya hivyo kwa muda, kwa hisani, bila kukubali haki yoyote, hadi mahakama iamue. Geti lisilomzuia mtu kupita si lazima lihesabike kuwa kizuizi. Kufuli la moja kwa moja ndilo lililokupeleka mahakamani. Jumatano utakuwa na cha kusema. Katika zuio la muda, mahakama zetu zinafuata vipimo vitatu tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: kama mwombaji ana kesi yenye uzito, kama atapata hasara isiyolipika kwa pesa, na kukiwa na shaka, nani ataumia zaidi. Na kumwamrisha mtu afungue alichokifunga, kabla kesi haijasikizwa, huhitaji hali ya kipekee. Ukienda na geti lililofunguliwa mchana na ufunguo mkononi mwao, dharura yao imepungua nusu.

Hapo pia ndipo mlango wa kupatana ulipo. Mahakama yaweza kuipeleka kesi kwa mpatanishi, na Katiba katika kifungu cha 159 inahimiza hivyo. Kwa maoni yangu kesi yako ni ya kupatanishwa. Njia ya miguu, saa maalumu, magari hapana, lori la maji litoe bomba kutoka barabarani, kifuniko walipe wao, na yote yaandikwe kuwa ni ruhusa yenye masharti, si haki ya milele. Mkikubaliana, yaandikwe na kusajiliwa kama amri ya mahakama. Makubaliano ya barazani ndiyo yaliyotufikisha hapa. Lakini patana ukiwa umeshaingia kwenye kesi, si badala ya kuingia. Siku 15 hazisimami kwa sababu mnazungumza.

Mwisho, lile dogo la salamu. Itikia. Hakuna sheria inayoharibika kwa waaleikum salaam, na msibani kwao nenda. Ila wakikusimamisha njiani na kuanza habari ya geti, waambie wakili wangu atazungumza na wakili wenu, uendelee na safari. Maneno ya upole kama "najua mmepita hapa siku zote, ni yenu pia" yaweza kukurudia kwenye kiapo cha mtu, na siku hizi kila simu inarekodi. Barua yoyote ya kutafuta suluhu iandikwe na wakili, na itamke kuwa haiathiri haki ya upande wowote. Mpwa wako naye mwambie ajibu salamu tu, na bahasha nyengine ikija, akimbie kukuita sokoni.